Nyumba Njema si Mlango: Uteuzi wa Makao ya Wazee na Nafasi ya Lugha katika Kumtunza Mzazi

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumeifunza na kufunzwa madarasani kama onyo dhidi ya kuhadaika na sura ya nje ya mtu au jambo. Ni nadra kuirejesha kwenye nyumba yenyewe, yenye mlango na kitasa, ambamo mtu atalala, ataamka na yamkini atafia. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo. Lengo ni kueleza namna familia inavyoweza kuteua makao ya wazee kwa ajili ya mzazi ambaye hawezi tena kuishi peke yake, na kuonyesha kwamba lugha ni kigezo kimojawapo cha uteuzi huo, ingawa husahaulika.

Huenda msomaji akajiuliza suala hili linahusiana vipi na taaluma ya Kiswahili. Jibu ni kwamba linahusiana kwa njia mbili. Kwanza, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni wana wa watu, na wazazi wao wanazeeka kama wazazi wa wengine. Pili, matunzo ya mzee hufanywa kwa mikono na kwa maneno. Kuhusu mikono tutawasikiliza wauguzi, ila kuhusu maneno sisi tuna la kusema.

Suala hili lilinijia nyumbani mwaka wa 2023, familia yetu ilipolazimika kuamua nyanya yangu, mzaa mama, ataishi wapi. Nyanya ni Mtaita. Alikuwa akiishi kijijini na msichana wa kazi, na kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoka. Nitarejelea kisa hicho pale tu kitakapotufaa kueleza jambo.

Suala la istilahi

Ni vyema tuanze kwa kufafanua istilahi. Nchini Kenya maneno mawili hutumika zaidi, nayo ni “nyumba ya wazee” na “makao ya wazee”. Neno “makao” linatokana na kitenzi “kukaa”, na kwa asili halina ubaya wowote. Hata hivyo, neno hilo hilo ndilo tunalolitumia katika “makao ya watoto mayatima”. Kwa hivyo msikilizaji anapoambiwa kuwa mzee fulani yuko makaoni, fikra inayomjia ni ya mtu asiye na jamaa. Mjomba wangu alilisema jambo hili bila kutafuna maneno katika kikao cha familia: “Mama yetu apelekwe makaoni kama kwamba hakuzaa?” Mjomba alikuwa hajaiona nyumba yoyote. Alikuwa akilijibu neno.

Katika makala haya, “makao ya wazee” ni istilahi ya jumla, na chini yake tunaweza kutofautisha aina nne. Aina ya kwanza ni makao ya hisani, ambayo huwapokea wazee maskini wasio na wa kuwatunza. Aina ya pili ni makazi ya kusaidiwa, ambamo mzee ana chumba chake na anajiamulia mengi, ila husaidiwa katika mambo kama kuoga na kumeza dawa. Aina ya tatu ni nyumba ya uuguzi, kwa wale wasioweza kuondoka kitandani au wanaohitaji muuguzi wakati wote. Aina ya nne ni kituo cha mchana, ambapo mzee hushinda na wenzake kisha jioni akarudi kulala kwake. Familia nyingi hukosea mwanzoni kabisa kwa kutojua ni aina gani wanayoitafuta.

Makazi ya kusaidiwa yana historia fupi. Nchini Marekani, Keren Brown Wilson alifungua nyumba ya namna hii mjini Portland, Oregon, mwaka wa 1983. Mamake alikuwa amepigwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 55, na maisha yake katika nyumba za uuguzi yalimsikitisha binti. Wazo la Wilson lilikuwa jepesi: mzee apewe mlango anaoweza kuufunga kwa ufunguo wake, aingie na vyombo vyake mwenyewe, na msaada umfuate humo. Makao ya hisani ni ya kale zaidi. Shirika la Masista Wadogo wa Maskini lilianza Ufaransa mwaka wa 1839, Jeanne Jugan alipomchukua nyumbani kwake kikongwe kipofu na kumpa kitanda chake mwenyewe.

Kuhusu neno “kikongwe”, pana jambo ambalo wanasarufi wanalijua lakini halijawahi kupata nafasi katika mjadala huu. Kikongwe, kama kiziwi na kipofu, huanza kwa kiambishi ki-, kiambishi cha vitu kama kiti na kisu. Pamoja na hayo, hatusemi “kikongwe kimefika” ila kwa dharau. Tunasema “kikongwe amefika”. Upatanisho unamwondoa mzee katika ngeli ya vitu na kumrudisha katika ngeli ya watu. Sarufi ya Kiswahili, kwa maneno mengine, inakataa kumfanya mzee kuwa chombo. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa maana vigezo vyote tutakavyovijadili vinaweza kufupishwa katika swali moja: je, katika nyumba hii, mzee ni “kimefika” au ni “amefika”?

Hali ya wazee nchini Kenya

Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua kuwa mzee mtu yeyote aliyezidi umri wa miaka 60. Kifungu cha 57 kinaitaka serikali kuhakikisha kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo na usaidizi kutoka kwa familia na serikali. Tuzingatie kwamba kifungu hicho kinazitaja familia na serikali kwa pamoja. Katika sensa ya 2019, Wakenya waliotimiza umri huo walikuwa takriban milioni 2.7 kati ya watu milioni 47.6.

Aidha, Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee mjini Addis Ababa mnamo Januari 2016, nayo ikaanza kutumika Novemba 2024. Itifaki hiyo inayataja makao ya wazee pia. Kwa hivyo dai kwamba makao hayo ni jambo la Wazungu ambalo Afrika haina haja nalo halipatani na yale ambayo Waafrika wenyewe wameyaandika.

Makao yenyewe yapo humu nchini na baadhi yake ni ya miaka mingi. Jijini Nairobi, Masista Wadogo wa Maskini wanaendesha Nyumba ya Wazee huko Kasarani. Mji wa Huruma, ulioko Runda, ni mali ya serikali ya kaunti ya Nairobi. Huko Thogoto, Kikuyu, Kanisa la PCEA lina makao yake. Katika kaunti ya Kilifi, eneo la Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa kuuawa na jamaa zao kwa kusingiziwa uchawi. Mfano huu wa mwisho unatukumbusha ukweli mchungu, kwamba si kila mzee huwa salama zaidi nyumbani kwake. Methali yetu inadai kwamba palipo na wazee hapaharibiki neno, lakini kuna maboma ambapo mvi peke yake zimetosha kumhukumu mtu. Mbali na hayo, katika miaka ya karibuni nyumba za kulipia zimeongezeka, hasa Nairobi na viungani mwake.

Je, mzazi anahitaji nini hasa?

Kabla ya kutafuta nyumba, familia inapaswa kupima hali ya mzazi. Hapa hisia hazitoshi. Mwana anayempenda mamake huweza kusema hana neno, ilhali yule aliyechoka kumtunza atasema hawezi chochote, na wote wawili wakawa wamekosea.

Madaktari wana kipimo chepesi ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Mwaka wa 1963, daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walibainisha mambo sita ya msingi: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kujilisha. Mwaka wa 1969, Lawton na Brody waliongeza orodha ya mambo yanayohitaji akili na mpango zaidi: kutumia simu, kununua vitu, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa ipasavyo na kusimamia fedha. Mzee aliyeshindwa na mambo mawili au matatu ya orodha hii ya pili pengine anahitaji tu mtu wa kumsaidia nyumbani. Aliyeshindwa na kadhaa ya orodha ya kwanza anahitaji mtu karibu naye mchana na usiku.

Jambo la pili ni kumwona daktari kwanza. Usahaulifu haupaswi kuchukuliwa kuwa uzee tu. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na hata dawa zinazogongana mwilini huweza kumvuruga mzee akili, na yote hayo yana tiba. Mzee anayechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ana maambukizi, mathalani ya njia ya mkojo. Kumpeleka mtu makaoni kwa sababu ya ugonjwa ambao ungetibiwa kwa vidonge vya wiki moja ni kosa lisilosameheka kirahisi. Nyanya alipimwa. Daktari alithibitisha kuwa yake ilikuwa dimensia, isiyo na tiba, na kwamba ingeendelea kuzidi.

Vigezo vya kuteua makao

Mama aliniomba niandamane naye kuzitazama nyumba tatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa na lango la chuma lililopakwa rangi mpya, maua kandokando ya njia na ofisi yenye viti laini. Ya tatu ilikuwa na lango lililopinda. Kama tungeamua tukiwa langoni, tungeamua vibaya. Vigezo vifuatavyo tulijifunza vingine kwa kuuliza na vingine kwa kukosea.

Kigezo cha kwanza ni watu. Uliza wahudumu ni wangapi kwa wazee wangapi, kisha uliza swali hilo hilo kuhusu usiku. Nyumba inayojibu la mchana haraka na la usiku kwa kusitasita imeshajibu yote mawili. Uliza iwapo kuna muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na huwepo saa ngapi. Uliza pia wahudumu wamekaa hapo muda gani. Mahali ambapo wahudumu hubadilika kila mwezi, mzee mwenye usahaulifu huishi miongoni mwa wageni daima. Inasikitisha kwamba vijana wetu wengi hufunzwa kazi hii ili wakawatunze wazee wa Marekani na Uingereza, huku wazee wa hapa wakiachiwa mtu yeyote aliyekosa kazi nyingine.

Kigezo cha pili ni usalama wa jengo. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi harudi alivyokuwa. Tazama sakafu ya bafu iwapo inateleza, iwapo kuna vyuma vya kushikilia kando ya choo, iwapo kiti cha magurudumu kinapita mlangoni, na iwapo taa ya ushoroba huachwa usiku. Angalia pia kama mzee aliye kitandani ana kengele anayoweza kuifikia, kisha omba uibonyeze uone itachukua muda gani kabla mtu hajafika.

Kigezo cha tatu ni miili ya wazee waliomo. Hapa mgeni huona haya kutazama, lakini ni lazima atazame. Kucha zimekatwa? Midomo imekauka? Kuna gilasi ya maji mahali ambapo mkono unafika? Je, kuna harufu ya mkojo wa jana? Mzee asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Uliza nani huandika kwamba amegeuzwa, na uonyeshwe daftari.

Kigezo cha nne ni dawa na hospitali. Dawa zihifadhiwe na nani? Mzee akizidiwa usiku, anapelekwa hospitali gani, kwa gari la nani, na nani hupigiwa simu? Ikumbukwe pia kwamba Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali ilifikia kikomo Oktoba 2024 na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mzazi ambaye hakusajiliwa upya asajiliwe kabla ya kuhama, si siku ya dharura.

Kigezo cha tano ni uhuru. Je, mzee anaruhusiwa kuamka anapotaka, kutoka uani, kuwa na redio yake, kusali kwa dini yake? Jamaa wanaruhusiwa kumtembelea saa yoyote, au Jumapili saa nane hadi saa kumi tu? Nyumba isiyotaka kuonwa asubuhi wakati wa kuogesha ina sababu. Kwa hivyo nenda mara mbili, na mara ya pili usitoe taarifa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini anayekilalia anajua. Omba kuzungumza na mzee mmojawapo bila mhudumu kusimama kando.

Kigezo cha sita ni gharama na mkataba. Nyumba za kulipia hudai makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi. Msaada wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 umekusudiwa wote waliotimiza miaka 70, ni Sh2,000 kwa mwezi. Pengo kati ya viwango hivyo viwili hujazwa na watoto, na ndipo ugomvi huzuka. Mkataba usomwe wote: nepi, dawa, daktari na kufuliwa vimo katika ada au ni vya ziada? Ada hupanda lini? Mzee akifariki katikati ya mwezi, au familia ikitaka kumwondoa, malipo yanarudishwaje? Vilevile, familia iandikiane nani atatoa kiasi gani, maana ahadi ya mdomo aghalabu haivuki miezi mitatu. Mzee apewe wakili amweleze hati ya uwakilishi angali na akili ya kuielewa, ili ardhi na akaunti yake visije vikasimamiwa na yule mwenye sauti kubwa.

Katika kikao chetu mama alisema jambo lililowanyamazisha ndugu zake. Alisema kwamba babu alipofariki tulichanga pesa za mazishi kwa wiki moja na zikabaki, lakini mshahara wa msichana aliyemlea nyanya aliulipa yeye peke yake kwa miaka minne. Nadhani familia nyingi zitajitambua hapo. Tunachangia jeneza kwa moyo mkunjufu, na mto wa mgonjwa tunaukosa.

Lugha kama kigezo

Sasa tufikie kigezo cha saba, ambacho sikukikuta kimezungumzwa mahali popote tulipokwenda.

Katika nyumba ya kwanza, ile yenye maua, wazee walikuwa wameketi mstari mmoja mbele ya runinga. Mhudumu alipita akisema: “Kaa vizuri! Wewe, meza! Inua mguu!” Hakumpiga mtu wala kumtukana. Kila neno lake lilikuwa sahihi kisarufi. Lakini mwanafunzi wa isimu anajua kwamba Kiswahili kina njia mbili za kuagiza. Kuna hali ya kuamrisha, “kaa”, “meza”, “inua”, na kuna dhamira tegemezi, “ukae”, “umeze”, “uinue”, inayoomba zaidi ya kuamuru. Kati ya “meza” na “umeze, mama” kuna irabu mbili na neno moja la heshima, na gharama yake ni sufuri. Mtu mzima aliyelea watoto saba anaposikia amri tupu kutoka alfajiri hadi usiku, hatimaye huacha kuitika. Kisha tunasema amepoteza fahamu.

Suala la majina ya kuitia ni la uzito uo huo. Nyumba moja huwaita wazee wote “shosho” na “guka”, kana kwamba wote ni Wakikuyu, na nyingine huwaita kwa nambari ya chumba. Nyanya amejulikana maisha yake yote kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama wa fulani. Jina hilo ni wasifu wake kwa ufupi. Hata udogishi una hatari zake: katika Kiswahili cha mitaani nchini Kenya kiambishi ka- hutumika kwa mzaha wa mapenzi, lakini “kazee haka” kinywani mwa mhudumu aliyechoka si mapenzi hata kidogo.

Jambo zito zaidi ni lugha ya kwanza. Inafahamika vyema kwamba mtu mwenye dimensia, hata kama alimudu lugha kadhaa, mara nyingi huzipoteza zile alizojifunza baadaye na kurudi kwenye lugha ya utotoni. Nyanya alizungumza Kiswahili sokoni kwa miaka hamsini. Kufikia 2023 Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kukatika katikati ya sentensi na kumalizikia kwa Kidawida. Maana yake ni kwamba, mahali ambapo hakuna mtu anayejua Kidawida, nyanya angeumwa na tumbo na asiweze kusema ni tumbo. Angeambiwa anapiga kelele. Angepewa dawa ya usingizi.

Sisi watetezi wa Kiswahili huisifu lugha hii, na kwa haki, kwamba inawaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Makao ya wazee ni mojawapo ya mahali ambapo sifa hiyo inaonekana wazi, kwa kuwa mzee wa Kisii na mwenzake wa Meru hucheza bao na kuteta kwa Kiswahili. Lakini unyofu wa kitaaluma unatutaka tukiri kwamba kuna saa katika maisha ambapo lugha ya taifa haifiki. Uliza basi: kati ya wahudumu, nani anajua lugha ya mama yangu? Kama hakuna, je, wako tayari kujifunza maneno ishirini? Mama aliandika karatasi yenye maneno ya Kidawida ya maji, choo, maumivu, baridi, njaa, naogopa, nataka kwenda nyumbani, na tafsiri zake. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani juu ya kitanda. Hiyo ndiyo tafsiri yenye manufaa makubwa kuliko zote nilizowahi kuzishuhudia, na haina nadharia yoyote.

Katika nyumba ya tatu, ile ya lango lililopinda, mhudumu mmoja aliyezaliwa Kitui aliuliza kwanza, “Mama yenu anapenda kuamkiwa vipi?” Kisha akajaribu salamu ya Kidawida tuliyomfundisha, kwa matamshi ya kubahatisha. Mama hakusema kitu, ila niliona ameacha kutazama nyufa za dari.

Sauti ya mzee mwenyewe

Kosa letu kubwa lilikuwa kwamba tulifanya vikao viwili vya familia na kuzitazama nyumba tatu kabla ya kumuuliza mwenyewe. Ushairi wetu una mfano mashuhuri wa mama mgonjwa anayesema na mwanawe: Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka wa 1858. Humo mama ndiye mwenye neno na binti ndiye msikilizaji. Sisi tulikuwa tumeugeuza mpangilio huo. Wana walinena, na mama alikuwa mada.

Mama alimweleza nyanya asubuhi moja, wakati ambao akili yake huwa timamu zaidi. Alimweleza bila kumdanganya kwamba anakwenda kutembea tu, kama wengine wanavyofanya. Nyanya alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, “Na kuku wangu atawalisha nani?” Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amefikiria kuku. Ilibidi jirani apatikane, apewe kuku wale mbele ya macho yake, na aahidi kwa kinywa chake. Baada ya hapo ndipo nyanya alipokubali kwenda kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Funzo ni kwamba hata mzee aliyesahau mwaka anaweza kujua kinachomfunga na maisha. Kwa mwingine ni kuku, kwa mwingine ni kanisa, kaburi la mume, au kiti kimoja kando ya mlango. Muulize, na uulize mapema, kabla ugonjwa haujamnyang’anya jibu. Kinachoweza kuhama naye kihame. Kwa kisichoweza, aagane nacho mwenyewe.

Baada ya kuhamia

Uteuzi haumaliziki siku ya kuhama. Wiki za kwanza mzee mwenye usahaulifu huweza kuzidiwa, akakataa chakula au akatafuta mlango usiku, kwa sababu kila kitu alichokijua kwa mguu na mkono kimeondoka. Apelekewe blanketi lake, kikombe chake na picha za watu wake. Jamaa wafike mara kwa mara, kwa saa tofauti. Mzee anayetembelewa hutunzwa vyema zaidi, kwa sababu wahudumu wanajua kuna jicho. Michubuko isiyoelezwa, kupungua uzito, woga mbele ya mhudumu fulani na usingizi usioisha mchana ni dalili za kuulizia papo hapo. Majibu yasiporidhisha, familia imwondoe na kupiga ripoti kwa afisa wa ustawi wa jamii au kwa polisi. Haya ya kugombana isitufanye tumwache mzee afe kwa adabu zetu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuteua makao ya wazee kunahitaji kujua aina ya makao, kupima hali ya mzazi, kuchunguza watu na nyumba mchana na usiku, kuusoma mkataba, na kumuuliza mzee mwenyewe. Yamesisitiza pia kwamba lugha anayoambiwa mzee na lugha anayoweza kuisema ni sehemu ya matunzo, kama uji na blanketi. Tunapendekeza kwamba idara zetu za Kiswahili zifikirie kuandaa mwongozo mfupi wa lugha ya heshima kwa wahudumu wa wazee, pamoja na orodha za maneno muhimu katika lugha za kienyeji. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi wakati wa likizo, kila mmoja kwa lugha ya kwao.

Sidai kwamba familia yetu iliteua vyema. Mwezi wa majaribio ulipita na nyanya bado yuko huko. Mjomba, aliyepinga kuliko wote, ndiye anayemtembelea zaidi sasa. Mama hurudi kutoka huko kila Jumapili akiwa kimya hadi tunapofika nyumbani. Kuna siku nyanya humwita kwa jina lake, na kuna siku humkaribisha kama mgeni na kumwomba radhi kwamba hana chai ya kumpa. Mama hujibu kwa Kidawida kwamba ameshakunywa.